Manyoya ya Jogoo, Mto Uliofunguliwa

Kiweke kiganjani, hutahisi uzito. Ni ndoana ndogo isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho, imevikwa manyoya laini ya kijivu ya mnyama wa majini, yakasokotwa kwenye uzi hadi yakawa mwili. Mbele yake zimesimama ncha mbili za manyoya ya shingo ya jogoo mwenye mistari myeusi na myeupe. Hayo ndiyo mabawa. Kuyazunguka mabawa, manyoya mengine mawili, moja la kahawia na moja la mistari, yamezungushwa pamoja yakachanua pande zote, ili kitu kizima kiweze kusimama juu ya maji bila kuzama. Mkia ni nyuzi chache tu za manyoya hayo hayo. Wavuvi wa trauti wanakiita Adams. Hakina nyama, hakina harufu, hakiliki. Kazi yake ni kuelea juu ya maji baridi ya mwisho wa Aprili, kipite juu ya kichwa cha samaki ambaye miezi yote ya theluji ameishi karibu na sakafu ya mto, na kumshawishi apande.

Aliyekifunga kwa mara ya kwanza ni Leonard Halladay, mkazi wa kijiji cha Mayfield, kaskazini mwa jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka ulikuwa 1922. Rafiki yake Charles Adams, mwanasheria kutoka Ohio, alikichukua chambo hicho kipya akaenda kukijaribu kwenye mto Boardman, na aliporudi alikuwa na sifa tele mdomoni, akataka kujua kinaitwaje. Halladay akakipa jina la mgeni wake, kwa kuwa ndiye aliyekitumia kwanza. Tangu hapo kimesambaa duniani, kila penye trauti. Na cha ajabu kuliko vyote, hakiigi mdudu yeyote. Mpelekee mtaalamu wa wadudu, atakigeuzageuza na kukurudishia: hakuna kiumbe wa namna hii. Ila samaki humwona mdudu kutoka chini, kupitia maji yanayovunjavunja mwanga, naye ana kitambo kifupi cha kuamua kabla mkondo haujampokonya riziki yake. Anachokiona ni kivuli, kimo na namna kitu kilivyokaa juu ya maji. Halladay aliacha mengi ambayo fundi mwingine angeng'ang'ana nayo, na katika kuacha huko ndimo ulimo ufundi wake. Rangi zile za kijivu na kahawia, zilivyochanganyika bila mojawapo kutawala, zinamwachia samaki amalizie mwenyewe.

Mdudu anayedokezwa na manyoya hayo ni meiflai, na inafaa tukae naye kidogo, maana bila yeye hakuna majira ya kuchipua mtoni. Kwa karibu mwaka mzima huwa ni funza wa majini mwenye miguu sita, amejibana chini ya mawe, anapumua kwa mashavu yaliyopangwa ubavuni mwake na kukwangua chakula chembamba kilichoota juu ya changarawe. Kisha maji yanapofika nyuzi joto 10 hivi za Selsiasi, wale wa mapema, wanaoitwa Hendrickson, huanza kupanda kwa pamoja, mara nyingi alasiri, jua likiwa limeshalipasha joto bonde. Mmoja akifika juu, ngozi yake hupasuka mgongoni, na kutoka ndani hujivuta kiumbe mwenye mabawa ya rangi ya wingu la mvua. Kwa muda mfupi husimama juu ya ngozi yake ya zamani, mabawa yameelekea mbinguni, anangoja yakauke. Hapo ndipo trauti humpata. Akiponyoka huruka hadi matawini, na huko hujivua ngozi tena. Katika wadudu wote wa dunia ni jamaa hii peke yake inayojivua ngozi ikiwa tayari ina mabawa ya kurukia. Anatoka safari hii na mabawa ya kioo na hana mdomo wa kulia. Hatakula tena. Amebakiwa na kupandana juu ya maji yanayochezacheza kwenye mawe, kutaga mayai na kufa, yote ndani ya siku moja au mbili. Jamaa yao walikuwa wakifanya hivi kabla dinosaria hajakanyaga ardhi.

Aliyekulia kwetu ameshauona mwamko wa namna hiyo, ila aliuona ukitoka ardhini. Mvua ya kwanza ikishaloweka udongo, jioni yake kumbikumbi hufumuka kwenye vichuguu, na kila mwenye mdomo hutoka: kuku, mijusi, ndege, watoto na beseni la maji chini ya taa. Hakuna aliyetangaza wala aliyepanga. Joto na unyevu vimekutana mahali pake, na nchi nzima ikafungua kinywa. Mto wa Michigan mwishoni mwa Aprili una njaa hiyo na furaha hiyo, ingawa kwa macho ya mpita njia ni maji tu na miti isiyo na majani.

Sheria ya Michigan hufungua msimu wa trauti katika mito mingi Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Wadudu hawana Jumamosi. Wanasoma joto la maji, na joto la maji nalo linasomwa ardhini. Barafu kuu za zamani zilipoyeyuka na kurudi kaskazini, ziliacha nchi ile imejaa vilima vya mchanga na changarawe, vingine vyenye kina kirefu. Mvua ikinyesha humo, au theluji ikiyeyuka, maji hayatiririki juu kwa wingi. Huzama, hukaa, husafiri polepole gizani, halafu hububujika kando ya mto yakiwa na ubaridi ule ule mwaka mzima. Ndiyo maana mto Boardman, kama jirani yake Au Sable, hauchemki Julai wala haugandi wote Januari. Trauti ni kiumbe wa maji ya namna hiyo. Maji yakipita nyuzi 20 huanza kuhangaika, kwa kuwa maji ya moto hubeba hewa kidogo ilhali mwili wake unataka hewa zaidi. Yakikaribia 25, wengi hufa. Uhai wake wote uko kati ya namba hizo chache.

Nimesimama ndani ya maji hayo, suruali ya mpira ikinibana magoti, theluji bado imejificha chini ya kivuli cha mierezi. Asubuhi pete za ufito wa kuvulia hushika barafu, mshipi ukikataa kupita, na inabidi kuivunja kwa vidole ambavyo tayari vimekufa ganzi. Hakuna kinachoonekana kutokea. Mwenye haraka hurusha mshipi tangu alfajiri akachoka kabla ya saa sita mchana. Wenyeji wazoefu hukaa kwenye gogo, hunywa kahawa, hutumbukiza kipimajoto na kukitoa. Kisha, saa nane au tisa, pale ambapo maji yalikuwa laini, unatokea mviringo mdogo na kupotea. Kisha mwingine, mahali pale pale. Samaki amekula kitu, na wewe hukukiona.

Msomaji wa Kirumba au wa Malindi, aliyezoea kuona samaki akipandishwa kwenye mizani, atauliza kwa haki: mnamdanganya samaki, mnamvuta, mnamshika kwa mikono, halafu mnamrudisha majini? Ndivyo wengi wanavyofanya. Wanabana kinundu cha ndoana ili isirarue, wanalowesha mikono ili wasimchubue ute unaomkinga na maradhi, wanamwachia. Sidharau swali hilo. Mtu mwenye njaa nyumbani hana nafasi ya mchezo huu. Lakini uvuvi huu una masharti magumu ambayo yamezaa kitu chema: haumruhusu mtu kutojua. Lazima ujue jiwe lipi linapunguza mkondo, mdudu gani ametoka leo, chemchemi iko ukingo upi, mchanga umeongezeka wapi tangu mwaka jana. Mwaka 1959, kando ya mto Au Sable, wavuvi waliokuwa wamechoka kuona mito ikimwagiwa samaki wa kufugwa huku yenyewe ikiharibika waliunda chama cha Trout Unlimited, wakasema tunza mto kwanza na samaki watajitunza. Waliokuwa wa kwanza kuona mto unaumwa ni wale waliokuwa wakisimama ndani yake.

Na mito ile iliumizwa vibaya. Mwaka 1847 Harry Boardman, ambaye mto umebaki na jina lake, alianzisha kiwanda cha kupasua mbao mahali ambapo leo ni mji wa Traverse City. Wenyeji wa asili, Waanishinaabe, walikuwa na jina lao la mto, Ottaway, na wamelishikilia hadi leo. Misonobari mirefu myeupe ilianza kuanguka, na mbao zikapelekwa kwa meli hadi Chicago, zaidi na zaidi baada ya moto mkuu wa mwaka 1871 kuuteketeza mji huo. Bandu bandu huisha gogo. Kule yaliisha magogo ya jimbo zima, ndani ya umri wa mtu mmoja. Miti ilikatwa wakati wa baridi, ikaburutwa juu ya barafu hadi ukingoni, ikarundikwa kungoja theluji iyeyuke. Majira ya kuchipua yalipofika na mito kujaa, magogo yalisukumwa majini kwa maelfu, yakashuka yakigongana, yakikwangua sakafu ya mto, yakivunja kingo, yakizika changarawe chini ya mchanga.

Katika majira yayo hayo, chini ya magogo hayo, kulikuwa na samaki aliyekuwa akitaga. Grelingi, samaki wa fedha mwenye pezi refu la mgongoni lenye madoa ya zambarau na samawati, alikuwa ndiye mwenye mito ile kabla ya trauti yeyote wa kutoka Ulaya. Trauti wa kahawia hutaga wakati majani yanapopukutika, mto ukiwa mtulivu. Grelingi hutaga wakati wa kuchipua. Mayai yake yalikuwa kwenye changarawe wiki zile zile ambazo kampuni za mbao zilikuwa zikishusha mavuno yao. Waliosalimika walivuliwa bila kipimo na kupakiwa kwenye treni kwenda kwenye hoteli za miji mikubwa, na wengine walikufa kwa joto, kwa sababu kivuli kilikuwa kimeshauzwa kama mbao. Kufika mwaka 1936 hakuwako tena Michigan. Kando ya Au Sable kuna mji unaoitwa Grayling, una stesheni na shule na maduka, na watu wamezaliwa na kuzeeka pale bila kumwona samaki aliyewapa jina. Asiyekuwapo na lake halipo, tunasema, na kwa kawaida tunalisema juu ya mtu aliyekosa mgao. Huyu alikosa mgao wa mto wake mwenyewe.

Nafasi iliyoachwa wazi haikukaa wazi. Mwaka 1883 mayai ya trauti wa kahawia yalivuka bahari kutoka Ujerumani, zawadi ya Baron von Behr, na mwaka uliofuata vifaranga waliotokana nayo waliachiwa kwenye mto Baldwin, kijito cha Pere Marquette, papo hapo Michigan. Trauti wa upinde wa mvua aliletwa kutoka California. Walivumilia maji ambayo grelingi hakuyaweza. Kwa hiyo Halladay alipokuwa akizungusha manyoya yake mwaka 1922, alikuwa akimtegea mgeni aliyekalia kiti cha marehemu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji huyu hakupona. Sipendi kulinganisha samaki na watu. Najua jinsi maneno kama mgeni na mvamizi yanavyookotwa mtoni na kurushiwa binadamu, na huko Michigan kwenyewe, mjini Grand Rapids, kuna familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili nyumbani na kanisani, ambao hawakukalia kiti cha yeyote aliyekufa. Nasema ya samaki tu. Nasema kwamba uzuri wa trauti wa kahawia, na mgongo wake wa rangi ya siagi na madoa mekundu yaliyozungushiwa duara jeupe, ni uzuri wa kweli, nao umesimama juu ya msiba. Yote mawili inabidi yashikwe kwa mkono mmoja.

Afrika Mashariki nayo imo katika hadithi hii. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza, alileta trauti wa kahawia wa asili ya Loch Leven, Uskoti, akawaweka kwenye mto Gura unaoshuka kutoka Nyandarua. Hadi leo wamo kwenye mito ya Nyandarua na Mlima Kenya, na kule Kiganjo karibu na Nyeri kuna kituo cha serikali kinachowaangulia. Kwetu hawakuwa na majira ya kuchipua ya kuwaamsha. Mwaka wao umepangwa na masika na vuli, na mvua ndefu zikianza mto hugeuka rangi ya chai ya maziwa na mvuvi hurudi nyumbani. Lakini namba zao ni zile zile. Hawashuki chini ya pale maji yanapoanza kuwa vuguvugu, na ubaridi huo unatoka kwenye kimo cha mlima na kwenye msitu. Watu hutazama barafu ya Mlima Kenya ikipungua, sasa imebaki vipande, wakadhani humo ndimo mito inamotoka. Sehemu kubwa ya maji inatoka kwenye mvua inayonaswa na msitu, ikanyonywa na mizizi na udongo, ikaachiwa kidogokidogo. Mkata mwanzi wa kule juu na mfungua bomba wa kule chini wanamgusa trauti kabla ya mvuvi, na kabla ya trauti wanamgusa mama mwenye ndoo.

Turudi Boardman, kwa sababu huko kumetokea jambo ambalo katika maisha ya mito si la kila siku. Mwaka 1921, mwaka mmoja kabla ya Halladay kufunga chambo chake, ukuta wa Brown Bridge ulikamilika na mto ukasimamishwa ili kuzalisha umeme. Haukuwa wa kwanza. Kulikuwa na nyingine chini yake. Bwawa ni mto ulioambiwa kaa. Maji hujitandaza juani, hupata joto, huangusha mchanga wote yaliobeba, na kinachovuka ukuta kwenda chini ni maji yenye joto na yasiyo na kitu. Juu ya ukuta changarawe huzikwa, chini yake hukosa wa kuilisha. Kwa miaka 90 hivi Adams ilielea juu na chini ya kuta hizo, na katikati yake hapakuwa na mto. Kisha umeme wa mitambo midogo ile ukawa haulipi gharama zake, kuta zikazeeka, na wakazi wa bonde, pamoja na taifa la Waodawa na Waojibwe wa Grand Traverse, wakazungumza kwa miaka mingi mpaka wakaamua kuziondoa. Brown Bridge ilianza mwaka 2012, ukuta unaoitwa Boardman ukafuata mwaka 2017, na wa Sabin mwaka 2018.

Haikuwa sherehe tupu. Oktoba 2012, kifaa cha muda kilichowekwa Brown Bridge kushusha maji taratibu kilishindwa, bwawa likatoka kwa mara moja na kuingia kwenye nyumba za watu wa chini. Hakufa mtu, lakini walioukuta mto sebuleni hawakuhitaji kuambiwa kwamba maji yaliyofungwa yana deni. Naliweka jambo hili hapa kwa sababu wapenzi wa mito, nikiwamo, huwa tunaisimulia kazi ya kufungua mto kana kwamba ni kufungua dirisha. Kuna waliolipenda lile ziwa. Walikuwa na gati, mitumbwi, jua la jioni juu ya maji mapana, watoto waliojifunza kuogelea humo. Walibakiwa na uwanda wa tope.

Juu ya tope hilo mto ulianza kutafuta ulalo wake. Mafundi waliuonyesha njia, wakachimba pale palipokuwa na mkondo wa zamani kabla ya 1921, wakalaza magogo kwenye kona ili trauti wapate pa kujificha, wakapanda miche kwenye kingo. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hata hivyo ukiutazama kwa karibu hauwezi kuwa mto ule. Misonobari ya zamani haipo ukingoni kuudondoshea miti mikubwa. Mchanga wa karne nzima umekaa pembeni. Samaki si wale. Majira yenyewe yanahama: barafu ya Maziwa Makuu ya Marekani imekuwa ikipungua kwa miongo, mvua hunyesha wiki ambazo zamani zilikuwa za theluji, na hata maji ya chini ya ardhi, kwa kuwa hushika joto la wastani la miaka mingi ya hewa iliyo juu yake, yataongezeka joto polepole. Maji yakimwagika hayazoleki. Kilichorudishwa Boardman ni mteremko, ubaridi, changarawe na njia iliyo wazi. Hivyo vikishakuwapo, anayekuja ni shauri la mto. Wadudu walikuwa miongoni mwa viumbe wa kwanza kuitika, kama ilivyo desturi yao mahali popote maji yanapoachiwa kukimbia tena juu ya mawe. Jike la meiflai linatafuta maji yanayochezacheza ili litage, na halina habari kwamba hapo palikuwa na ziwa.

Ukuta mmoja ulibaki, ule wa Union Street katikati ya Traverse City, uliokuwapo tangu 1867, na juu yake ndipo swali linapokuwa zito. Ndani ya Ziwa Michigan kuna lamprei, kiumbe mrefu wa umbo la mkunga, asiye na taya, mwenye mdomo wa duara uliojaa meno, anayejigandisha ubavuni mwa samaki na kumnyonya damu. Makao yake ni bahari ya Atlantiki. Maporomoko ya Niagara yalimzuia kwa maelfu ya miaka, mpaka mfereji wa Welland ulipompa njia ya kuyapita. Mwaka 1936, mwaka uo huo wa kuhesabu grelingi kuwa ametoweka, alionekana Ziwa Michigan, na baadaye samaki wa ziwa wakaporomoka. Lamprei hutaga mitoni, kwenye changarawe safi ya aina ile ile waliyoifukua watu wa Boardman kwa gharama kubwa. Ukuta mkongwe wa mjini ndio uliokuwa ukimzuia. Kwa hiyo mwaka 2024 ulianza ujenzi wa kitu kinachoitwa FishPass, mahali pa kujifunza namna ya kuwapitisha baadhi ya samaki na kuwazuia wengine: kwa kasi ya maji, kwa umbo, kwa nguvu ya kuruka, kwa jinsi kila mmoja anavyoogelea. Binadamu aliyefunga mto kwa sababu ya taa sasa anakaa mlangoni akitaka kumjua kila anayebisha hodi. Naona ni kazi ya heshima, nayo inatisha, kwa kuwa atakayekosea hapo hatakosea kwa msimu mmoja.

Halafu kuna grelingi mwenyewe. Mwaka 2025 mayai ya grelingi wa asili ya Alaska, kutoka kwa samaki waliolelewa kwenye kituo cha jimbo huko Marquette, yalikabidhiwa kwa mataifa matatu ya wenyeji wa asili, yakawekwa kwenye vifaa vya kuangulia kando ya mito, maji ya mto yenyewe yakipita juu yake ili vifaranga watoke wakiwa wamezoea harufu ya nyumbani. Boardman ni mojawapo ya mabonde hayo, mengine ni Manistee na Maple. Mbegu ni ya Alaska, hivyo haiwezi kusemwa kuwa ni yule aliyekwenda. Itachukua miaka kadhaa kabla ya samaki hao kufikia umri wa kutaga, katika majira ya kuchipua, kama walivyotaga wa kwanza, safari hii bila magogo.

Kitakachowakuta kabla ya hapo ni trauti. Kifaranga wa grelingi ni dhaifu, anaogelea vibaya siku za mwanzo, na trauti wa kahawia ana njaa na hatumwi. Wataalamu wanaochagua vijito hutafuta vile vyenye trauti wachache, na hapo ndipo sisi tunaoipenda Adams tunapoulizwa jambo ambalo si la kinadharia. Kuna vijito vya maji baridi ambavyo vingeweza kuwa vya trauti na vitaachwa visiwe vyao. Baadhi ya wavuvi wamenung'unika, nami nawaelewa, kwa sababu aliyekaa kwenye gogo akingoja mviringo wa kwanza wa Aprili anajua kinachoombwa kutoka kwake. Nikiulizwa, jibu langu ni waachiwe. Nipewe sehemu ya mto iliyo mbali zaidi na barabara, nitembee na ufito wangu begani, na vile vijito viwili vitatu vya juu vibaki na wale waliotangulia, hata kama sitamwona mmoja wao akipanda kuchukua chambo changu.